Umeme Tuli na Maungamo ya Kughushi

Mtu aandikapo kwa kalamu ya bolpeni juu ya bunda la karatasi, huandika mara mbili bila kukusudia. Wino hubaki katika karatasi ya juu, lakini uzito wa mkono hupita hadi karatasi ya pili, na pengine ya tatu na ya nne, ukiacha humo mibonyeo isiyo na rangi. Mibonyeo hiyo aghalabu haionekani kwa macho matupu, wala haina faida kwa mtu yeyote. Hata hivyo ndiyo iliyotoa ushahidi nchini Uingereza, katika kesi kadhaa baina ya mwaka 1987 na 1997, kwamba kumbukumbu za mahojiano ambazo askari polisi waliziapia mbele ya mahakama hazikuandikwa kama walivyodai. Watu waliohukumiwa kifungo cha maisha walitoka gerezani kwa sababu yake.

Jambo lenyewe laweza kuonyeshwa darasani kwa karatasi tano tu. Mwanafunzi mmoja aandike sentensi juu ya bunda, kisha aiondoe karatasi ya juu na kuificha. Chumba kitiwe giza, na mwanga wa tochi uelekezwe kutoka pembeni, karibu sawasawa na uso wa karatasi ya pili. Kingo za mibonyeo zitatupa vivuli vyembamba, na maneno mengine yatasomeka. Wako wanaopenda kupaka risasi ya penseli juu ya karatasi ili maneno yatokeze. Kwa mchezo haidhuru, lakini kwa ushahidi njia hiyo haifai kamwe, kwani huuharibu waraka na kumnyima mtu mwingine nafasi ya kuupima upya.

Njia ya mwanga wa pembeni ina kikomo: mkono ukiwa mwepesi, au karatasi ikiwa ya tatu au ya nne kutoka juu, hakuna kivuli kitakachoonekana. Mwishoni mwa miaka ya 1970, wataalamu wawili wa Chuo cha Uchapaji cha London, Foster na Freeman, walikuwa wakitafuta namna ya kupata alama za vidole kwa kutumia umeme tuli. Katika majaribio yao walitokeza maandishi ambayo hayakuwamo katika karatasi waliyokuwa wakiichunguza, bali yaliwahi kuandikwa juu yake. Hapo kilizaliwa chombo kinachojulikana hadi leo kwa jina la ESDA.

Utendaji wake si mgumu kuufuata. Karatasi hulowanishwa kidogo kwa hewa yenye unyevu, kisha hulazwa juu ya sahani ya madini yenye vitundu vidogo vidogo. Pampu huinyonya hewa kupitia vitundu hivyo, na utando mwembamba wa plastiki unaofunikwa juu ya karatasi hushikamana nayo barabara. Halafu waya wenye umeme wa volti elfu kadhaa hupitishwa juu ya utando, nao hujaa chaji. Mwisho humwagwa unga mweusi wa aina ile ile itumikayo katika mashine za fotokopi, ukiwa umechanganywa na punje ndogo sana za kioo zinazouchukua na kuusambaza. Unga huo hukusanyika zaidi penye mibonyeo, na maneno hujitokeza kwa rangi nyeusi juu ya utando. Karatasi yenyewe haiguswi na unga wala haidhuriki. Mchoro uliopatikana hufunikwa kwa plastiki ya gundi na kuhifadhiwa.

Kwa nini unga upende mibonyeo kuliko sehemu nyingine? Maelezo ya kwanza yalikuwa kwamba umbo la mbonyeo hubadilisha uwezo wa mahali pale kubeba chaji. Wachunguzi wa baadaye waliona kwamba msuguano wa nyuzi za karatasi mbili zilizogusana chini ya ncha ya kalamu huenda ndio ulio muhimu zaidi. Mjadala huo ni wa wanafizikia. Mahakama ilihitaji kujua tu kwamba matokeo yanaweza kurudiwa na mtaalamu mwingine, nayo yanaweza. Mibonyeo hudumu kwa miongo ya miaka iwapo karatasi haikulowana wala kutiwa dawa za kutafutia alama za vidole.

Ili kuona jinsi chombo hiki kilivyogusa kazi ya polisi, hapana budi kukumbuka namna mahojiano yalivyoandikwa kabla ya kinasa sauti. Askari mmoja aliuliza, mwingine akaandika maswali na majibu ukurasa baada ya ukurasa. Mahakamani askari waliapa kwamba maandishi yale yalifanywa papo hapo, mhojiwa akisema. Mhojiwa akikana, lilibaki neno lake dhidi ya neno la askari wawili au watatu. Hatari ya hali hiyo ilijulikana zamani. Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872, ambayo serikali ya kikoloni iliitumia pia Kenya, Uganda na Tanganyika, ilikataa katakata ungamo lililotolewa kwa askari polisi lisitumiwe dhidi ya mshtakiwa. Ajabu ni kwamba Uingereza yenyewe, iliyotunga sheria hiyo kwa ajili ya makoloni yake, haikujiwekea katazo kama hilo.

Sasa tuseme kumbukumbu zina kurasa sita zilizoandikwa mfululizo juu ya bunda moja. Ukurasa wa tano utakuwa na mibonyeo ya ukurasa wa nne, herufi kwa herufi, mahali pale pale. Ikiwa mibonyeo iliyomo katika ukurasa wa tano inasomeka vingine kuliko ukurasa wa nne uliopelekwa mahakamani, basi ulikuwapo ukurasa wa nne mwingine, nao umeondolewa. Ikiwa hakuna mibonyeo kabisa, kurasa hizo huenda hazikuandikwa kwa mfululizo huo. Na ikiwa mstari mmoja wa ukurasa wa nne haukuacha alama wakati mistari ya juu yake na ya chini yake imeacha, mstari huo yaelekea ulichomekwa baadaye. Chombo hakisemi nani aliandika, wala saa ngapi, wala kama maneno ni ya kweli. Husema tu ni karatasi gani ilikuwa juu ya ipi.

Mwaka 1987 kesi moja ya unyang'anyi mjini Birmingham ilivunjika kwa mstari wa namna hiyo: maneno ya kukiri kosa yalionekana kuongezwa katika kumbukumbu za kikosi cha makosa makubwa cha polisi wa West Midlands. Mawakili wengine wakaanza kudai karatasi za asili za wateja wao zipimwe. Mwezi Agosti 1989 mkuu wa polisi wa eneo hilo alikivunja kikosi kizima, na katika miaka iliyofuata zaidi ya hukumu 30 zilizotokana na kazi yake zilifutwa.

Kesi iliyotikisa nchi, hata hivyo, ilikuwa ya zamani zaidi. Usiku wa tarehe 21 Novemba 1974 mabomu yalilipuka katika baa mbili za Birmingham na kuua watu 21. Wanaume sita wenye asili ya Ireland walikamatwa, watano kati yao katika bandari ya Heysham walipokuwa wakielekea kwenye mazishi mjini Belfast. Wanne walitia sahihi maungamo ambayo walisema waliyatoa kwa kupigwa na kutishwa. Agosti 1975 wote sita walihukumiwa kifungo cha maisha.

Ushahidi wa pili dhidi yao ulikuwa wa kikemia, na walimu wa somo hilo watauona kuwa wa mafunzo. Mikono yao ilipanguswa na kupimwa kwa jaribio la Griess, ambalo hutoa rangi ya waridi penye nitraiti. Nitrogliserini ikichanganywa na alkali hutoa nitraiti; kwa hiyo rangi ilipotokea, mtaalamu wa serikali aliiambia mahakama kuwa ana hakika ya asilimia 99 kwamba wawili kati yao walishika baruti. Lakini si nitrogliserini peke yake inayotoa nitraiti. Nitroselulosi hutoa pia, nayo ilitumika katika rangi ya kung'arishia vitu vya kawaida, zikiwamo karata. Watu wale walikuwa wamecheza karata ndani ya gari-moshi. Mwaka 1985 wanakemia walirudia jaribio hilo kwa ajili ya kipindi cha televisheni, na mikono iliyochanganya karata ikatoa rangi ile ile. Maabara, basi, yaweza kumfunga asiye na hatia sawa na vile iwezavyo kumfungua.

Wafungwa hao walijaribu kuwashtaki polisi kwa kesi ya madai. Mwaka 1980 Lord Denning, mmoja wa majaji wakuu wa rufani, aliifutilia mbali. Hoja yake ilikuwa kwamba wakishinda, itamaanisha polisi walipiga watu na kusema uongo chini ya kiapo, na jambo hilo ni la kutisha mno hata haifai kesi kuendelea. Kwa maneno mengine, ubaya wa tuhuma ulifanywa kuwa sababu ya kutoichunguza. Rufani ya pili nayo ilikataliwa Januari 1988.

Mwaka 1990 uchunguzi ulikabidhiwa kwa polisi wa Devon na Cornwall, kikosi cha eneo lingine kabisa. Karatasi za mwaka 1974 zilikuwa bado zimehifadhiwa. Zilipowekwa katika ESDA, kumbukumbu za mahojiano ya mmoja wa wale sita zilionekana kuwa hazikuandikwa kwa mfululizo ambao maafisa waliuapia. Upande wa mashtaka wenyewe ukaacha kuzitetea hukumu. Tarehe 14 Machi 1991 watu hao waliachiwa huru, baada ya miaka 16 ya kifungo.

Uthibitisho wa kustaajabisha kuliko wote ulipatikana katika kesi ya mauaji ya kijana mgawa magazeti huko Staffordshire mwaka 1978. Wanaume wanne walihukumiwa kwa sababu mmoja wao alikiri. Alidai kwamba alionyeshwa kwanza ungamo lililotiwa sahihi na mwenzake, lililomtaja yeye. Polisi walikana kuwapo kwa karatasi hiyo, na kweli haikupatikana popote. Mtu huyo alifariki gerezani mwaka 1981. Takriban miaka 18 baada ya mahojiano, ungamo lake mwenyewe lilipimwa. Katika karatasi ile ile ilitokea mibonyeo ya ungamo jingine pamoja na sahihi ya mwenzake iliyoghushiwa. Waraka uliokanwa ulikuwa umeandikwa juu yake. Watatu waliokuwa hai waliachiwa Februari 1997.

Lakini uwajibikaji wa maafisa wenyewe haukufuata kwa urahisi. Mwaka 1992 ofisi ya mashtaka iliamua kuwa ushahidi hautoshi kuwashtaki askari wa kikosi kilichovunjwa. Mwaka 1993 kesi ya maafisa watatu wa zamani waliohusika na uchunguzi wa mabomu ya Birmingham ilisimamishwa, jaji akisema kwamba habari zimeenea mno hata kesi ya haki haiwezekani. Hakuna askari aliyetiwa hatiani.

Kilichobadilika ni utunzaji wa ushahidi. Kufuatia Sheria ya Polisi na Ushahidi wa Jinai ya mwaka 1984, mahojiano yalianza kunaswa kwa kanda mbili zinazozunguka kwa wakati mmoja. Moja ilitiwa muhuri mbele ya mhojiwa, na muhuri huo haukuvunjwa ovyo. Kanuni hii ina thamani kuliko kinasa sauti chenyewe, na yahusu kamera zivaliwazo na askari siku hizi vile vile: rekodi inayobaki mikononi mwa mtuhumiwa wa kuighushi haina nguvu kuliko neno lake. Siku ile ile wale sita walipoachiwa, serikali ilitangaza kuunda tume ya kuchunguza mfumo wa sheria za jinai, na kutokana na mapendekezo yake ilianzishwa mwaka 1997 Tume ya Mapitio ya Kesi za Jinai, yenye ofisi mjini Birmingham. Tume hiyo si sehemu ya polisi wala ya mahakama. Sheria iliyoiunda imeipa uwezo wa kudai waraka wowote kutoka ofisi ya umma, polisi wakiwamo, na kuamuru kwamba waraka huo usiharibiwe, usiteketezwe wala usibadilishwe hadi Tume itakaposema vinginevyo.