MMEA WA SEBULENI USIWE MAZALIO YA MBU

 

Katika nyumba nyingi, kuanzia Bungu na Kibiti mpaka Ikwiriri, utaukuta sebuleni ule mmea unaotambaa, wenye majani mfano wa moyo, ya kijani yenye mabaka ya njano. Wengine wameupanda kwenye kopo la rangi, wengine wameutia kwenye chupa ya maji juu ya kabati. Watu huuita 'manipulanti', yaani mmea wa pesa. Asili yake ni kisiwa cha Moorea, bahari ya Pasifiki. Kupamba nyumba kwa mmea si vibaya, lakini yapo mambo manne ya kuzingatia.

Kwanza ni maji. Chupa ya mmea yaweza kuwa mazalio ya mbu aina ya Aedes, mwenye madoa meupe miguuni, anayeeneza homa ya dengi. Huyu si yule wa malaria apendaye madimbwi na majaruba ya mpunga. Aedes hutaga katika vyombo vya nyumbani vyenye maji yaliyotuama, na huuma mchana, wakati chandarua kimekunjwa. Dar es Salaam ilipata mlipuko wa dengi mwaka 2014 na tena 2019, na sisi na Dar ni njia moja, watu wanakwenda na kurudi kila siku.

Katika joto letu, yai la mbu huyu huweza kuwa mbu kamili kwa siku 7 hadi 10. Basi badili maji mara mbili kwa wiki, mathalani Jumatatu na Ijumaa. Kumwaga tu hakutoshi. Mayai hunata ukutani mwa chombo na huweza kukaa makavu miezi mingi bila kufa, hivyo sugua chupa kwa ndani. Kisahani kilicho chini ya kopo nacho kimwagwe. Mtume (S.A.W.) alituamrisha kufunika vyombo vyetu usiku. Tazama faida iliyomo.

Pili ni matunzo. Weka mmea karibu na dirisha, pasipo jua kali. Ulio kwenye udongo umwagilie pale tu udongo wa juu unapokauka, na kopo liwe na matundu chini. Maji yakizidi mizizi huoza na majani huwa ya njano. Vumbi la majani lifute kwa kitambaa kibichi. Kwa ndugu zetu wa delta, kama Salale na Mbwera, maji ya kisima yakiwa na chumvi huunguza ncha za majani. Tumia ya mvua, na pipa la kuyakingia lifunikwe barabara.

Tatu ni sumu. Majani na shina vina chembechembe kali mithili ya sindano ndogo. Mtoto akitafuna, kinywa huwaka, mate humtoka na midomo huvimba. Mtoe mabaki mdomoni, msukutue, mpe maji baridi au maziwa kidogo. Usimtapishe. Ulimi ukivimba au akipumua kwa shida, mkimbize hospitali. Mmea uning'inizwe juu, mbali na watoto na mbuzi. Ukiukata, nawa mikono.

Nne ni itikadi. Wapo wanaoamini kuwa mmea huu ukistawi pesa huingia, na ukinyauka riziki imekatika. Ndugu Muislamu, jihadhari! Mwenye kuruzuku ni Allah peke yake. Jani likinyauka, angalia maji na mwanga, usitafute mkosi.

Mwisho, ukipata homa ya ghafla, kichwa na nyuma ya macho vikauma, pamoja na viungo, nenda kituo cha afya ukapime. Kipimo cha malaria kikionyesha huna, usinyamaze, mweleze mganga dalili zote. Kabla ya hapo usimeze aspirini, diklofenaki wala ibuprofeni, kwani mwenye dengi huweza kuvuja damu. Parasetamoli kwa kipimo chake na maji ya kunywa kwa wingi ndiyo salama zaidi.

Twahara ni nusu ya imani. Tuanze na chupa iliyo juu ya kabati, leo hii.

Wabillahi tawfiiq.