Tumbo na Hofu (3): Tundu la Alexis St. Martin

Kila Mei, magazeti hujaa picha za watahiniwa wa kidato cha sita wameinamia karatasi zao. Kisichoonekana katika picha hizo ni foleni ya chooni nusu saa kabla ya mtihani: kijana wa miaka 19 amebana tumbo, jasho linamtoka, na wenzake wanamcheka kwa jinsi lilivyounguruma bwenini usiku kucha.

Safari ya chakula kutoka kooni hadi utumbo mpana ilishaelezwa katika makala mbili zilizotangulia. Leo ni zamu ya mtu ambaye tumbo lake lilichunguliwa kama dirisha la duka, naye hakupenda.

Tarehe 6 Juni 1822, katika duka la kampuni ya manyoya kwenye kisiwa cha Mackinac, kaskazini mwa Marekani, bunduki ilifyatuka kwa bahati mbaya ikamjeruhi Alexis St. Martin, kijana wa Kanada mwenye asili ya Kifaransa aliyefanya kazi kwenye mitumbwi. Daktari wa kambi ya jeshi, William Beaumont, hakutegemea angepona. Akapona, ila ubavu wa kushoto ulibaki na tundu lililofika hadi kwenye mfuko wa chakula. Asipoliziba kwa kitambaa, alichokula kilimwagika nje.

Tarehe 1 Agosti 1825, saa sita mchana, Beaumont alifunga vipande vya nyama, mkate mkavu na kabichi mbichi kwenye uzi wa hariri, akavitumbukiza tunduni. Saa saba akavuta uzi: mkate na kabichi vimeyeyuka karibu nusu, nyama bado nzima. Saa nane, mkate na kabichi havikuwapo tena.

Majaribio yalizidi 200, na kitabu kikatoka mwaka 1833. Humo mna jambo ambalo wengi hulipita haraka: hofu au hasira ilipompata mtu, ukuta wa mfuko wa chakula ulibadilika, mara mwekundu na mkavu, mara uliopauka na chepechepe, na majimaji ya kuyeyushia chakula yakapungua au yakakauka kabisa.

Sababu za hasira hazikukosekana. Mkataba wa 1832 ulimpa St. Martin dola 150 kwa mwaka, pamoja na chakula na malazi, ili tumbo lake lichezewe. Aliwahi kuondoka bila ruhusa akarudi kwao Kanada. Alipofariki mwaka 1880, familia yake iliacha mwili uharibike kwanza, kisha ikauzika kwenye kaburi refu ili madaktari wasiupate. Sayansi ilivuna mengi kwake, heshima ikamnyima.

Athari ya hofu ilionekana tena miaka ya 1940: jijini New York, Dk. Thomas Almy na wenzake walimchunguza mwanafunzi wa udaktari kwa kifaa cha kutazamia utumbo, wakamfanya aamini kwamba wameona saratani. Utumbo ukajikaza hapo hapo. Alipoambiwa ukweli, ukalegea.

Nafasi iliyobaki ni ndogo, lakini inatosha kusema hili: kijana anayeendesha kabla ya mtihani au usaili wa kazi si mwoga wala mchafu. Neva za utumbo na za ubongo zinawasiliana wakati wote. Kwa wengi hali hiyo huisha mtihani ukiisha. Ikidumu kwa miezi, maumivu yakija pamoja na kuharisha au kufunga choo, huenda ni ugonjwa ambao madaktari huuita IBS. Vipimo vinaweza kutoka safi na maumivu yakawa ya kweli. Dozi ya taifodi iliyonunuliwa bila kupima haitibu hofu. Kula kwa wakati, kupunguza kahawa, kulala vya kutosha na kuzungumza na mshauri husaidia zaidi.

Damu kwenye choo, kukonda bila sababu au maumivu yanayomwamsha mtu usiku ni suala jingine. Hapo kijana aende hospitali na aeleze yote bila kuficha, na mzazi anayemsindikiza asithubutu kumtania.