Padre Atakuja Mazishini?

Akifa Mkatoliki Kendu Bay, Nyanza, jamaa hutaka kujua mapema kama padre atakuja. Mara nyingi jibu huanzia kwa mwenyekiti wa jumuiya ndogondogo ya Kikristo. Yeye ndiye ajuaye kama marehemu alihudhuria sala za nyumba kwa nyumba, kama alifunga ndoa kanisani, kama kadi yake ya zaka ina alama za malipo au ni tupu. Akinuna, huenda mwili ukateremshwa kaburini kwa nyimbo na sala ya katekista tu, bila misa. Kwa Waluo, ambao kwao mazishi ndiyo heshima ya mwisho ya mtu, hiyo si aibu ndogo.

Sisi walei hulalamika kwamba mapadre wameshika kila kitu. Ni kweli, Sheria ya Kanisa ya 1983 inalipatia baraza la parokia kauli ya ushauri tu. Lakini sheria hiyohiyo, katika kanuni ya 1184, inapotaja wa kunyimwa maziko ya Kanisa, inawataja walioasi imani waziwazi na wadhambi wa waziwazi ambao maziko yao yangewakwaza waamini. Kadi ya zaka haimo. Na anayeiulizia matangani kwa kawaida ni mlei mwenzetu.

Nyanza imeshaona walei wakijitenga na mapadre. Mwaka 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukiwa bado unaendelea Roma, Wakatoliki wawili, Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko, walianzisha Legio Maria: kuponya wagonjwa, kutoa pepo, kupiga vita uchawi, na mwanamke yuko mstari wa mbele. Mlima wao mtakatifu, Got Kwer, uko Migori. Ajabu ni kwamba hawakuishi bila makasisi. Walijiwekea mapadre wao, makadinali na papa, tena wakaendelea na Kilatini huku Roma ikiruhusu lugha za watu.

Jumuiya ndogondogo zilikusudiwa kumpa mlei nafasi bila kumfukuza padre. Maaskofu wa Afrika Mashariki, katika umoja wao wa AMECEA, walizipa kipaumbele miaka ya 1970. Pale zinapofanya kazi, Jumapili haikosi sala. Padre akiwa kigango kingine, katekista huongoza masomo, mafundisho, maombi na sadaka, kisha matangazo, ambayo aghalabu huwa marefu kuliko mafundisho. Havai stola wala haadhimishi misa. Ila mgonjwa akizidiwa usiku, mlango wa kwanza kugongwa ni wake.

Basi msiba wa mwenye kadi tupu humkuta katekista katikati: huku familia inalia, huku mwenyekiti na daftari lake. Wapo makatekista wanaompigia paroko simu moja kwa moja na kumwomba aje. Padre huja, misa husomwa, na Jumapili inayofuata katekista hukalishwa kikao aeleze ni nani aliyemruhusu.