Ruzuku ya Vyuo vya Ufundi: Fedha Hiyo Hupita Njia Gani?

Wakulima, mzazi aliye na kijana katika chuo cha ufundi cha kaunti huuliza mara nyingi, "Tumesikia Serikali hutoa ruzuku. Mbona nami nadaiwa karo yote?" Swali hilo ni la haki. Ili ulipate jibu lake, yakupasa kwanza kujua ruzuku ni kitu gani.

Ruzuku si mkopo, maana hairudishwi. Tena si basari, maana mtoto hapewi kwa jina lake. Ruzuku ya chuo ni fedha inayokwenda chuoni ili mzigo wa wazazi wote upungue. Fundi hafundishwi kwa chaki tu. Anayejifunza useremala hukata mbao, ashonaye hutumia kitambaa, na achomeleaye vyuma huteketeza vijiti vya kuchomelea kila siku. Vitu hivyo vyote hununuliwa, na pasipo ruzuku mnunuzi ni mzazi.

Ziko fedha za namna mbili zinazotoka Serikali ya Taifa kwenda kaunti. Ya kwanza imefungwa kwa masharti, kama shilingi ambayo mama ameifunga katika pindo la leso: ni ya chumvi, haiwezi kununua sukari. Ya pili haina fundo, na aliyepewa huamua mwenyewe. Kifungu cha 202 cha Katiba ya 2010 chakubali zote mbili.

Sasa tazama mambo yalivyokwenda. Mwaka 1966 Baraza la Kikristo la Kenya lilitoa taarifa juu ya vijana waliomaliza shule ya msingi wakakosa la kufanya. Baada yake vyuo vya ufundi vya vijijini vikaanza kujengwa. Katiba ya 2010 iliviweka chini ya serikali za kaunti. Kisha, katika mwaka wa fedha wa 2017/18, Serikali ya Taifa ilitenga shilingi bilioni 2 za masharti kwa vyuo hivyo. Hesabu ilikuwa shilingi 15,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Basi chuo chenye wanafunzi 100 kilihesabiwa shilingi 1,500,000.

Katika mwaka wa fedha wa 2021/22 fundo lilifunguliwa. Ruzuku ya vyuo, pamoja na ile ya hospitali kubwa za kaunti na ile ya barabara, iliunganishwa na mgao wa jumla wa kaunti. Fedha haikufutwa, lakini ilipoteza jina lake. Tangu hapo ni juu ya kila kaunti kupanga ni kiasi gani kitokacho katika mgao huo kiende vyuoni. Ndiyo sababu jirani yako wa ng'ambo ya mto, aliye katika kaunti nyingine, aweza kulipa kidogo nawe ukalipa kingi, ingawa vijana wenu wanajifunza kazi ile ile.

Je, wewe mkulima waweza kufanya nini? Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeweka siku ambazo mipango hupelekwa mbele ya Bunge la Kaunti. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa kufikia tarehe 1 Septemba. Waraka wa mwelekeo wa fedha hupelekwa kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Wananchi wana haki ya kusema maoni yao kabla mambo hayajapitishwa. Ukingoja Julai, mwaka mpya wa fedha umekwisha kuanza.

Mkutano ukitangazwa, nenda, ukaulize maneno matatu. Chuo chetu kimetengewa kiasi gani mwaka huu? Ni wanafunzi wangapi waliohesabiwa? Fedha ya mwaka uliopita ilifika chuoni, na ilinunua nini? Hakikisha pia kwamba jina la kijana wako limo katika daftari la chuo, maana asiyeandikwa hahesabiki.

Jambo hili si la wenye watoto vyuoni peke yao. Pampu yako ya maji ikiharibika wakati wa kiangazi, wamtaka fundi aliye karibu, ajuaye kazi yake. Fundi huyo sharti afundishwe mahali fulani, na vyombo vya kumfundishia sharti vilipiwe.