Majilio na Maungamo ya Vijana katika Vihamba vya Kilimanjaro

Mwezi wa Desemba unapokaribia, Mchagga aliye mbali na kwao, awe mfanyabiashara wa Kariakoo, mwalimu wa Songea au mwanafunzi wa chuo Mwanza, huhesabu nauli kabla hajahesabu kitu kingine, kwa maana ni ada iliyokwisha kuwa kama sheria kwamba Noeli huliwa nyumbani, katika kihamba cha baba yake, penye migomba inayoifunika mibuni kwa kivuli na penye makaburi ya wazee waliokilima kihamba hicho kabla yake. Kwa Wakatoliki wa Kibosho, Uru, Kilema na Rombo msimu huo ndio wa Majilio, na kwa hiyo katika juma lile lile ambalo mabasi hupanda kutoka Dar es Salaam yakiwa yamejaa, foleni za maungamo nazo hurefuka makanisani, na wengi wanaosimama ndani yake ni vijana.

Dini hii ilipanda mlimani kutoka pwani. Mwaka 1890 Askofu Raoul de Courmont wa Shirika la Roho Mtakatifu, akifuatana na Padre Alexandre Le Roy na Padre Auguste Gommenginger, alifika Kilema, na kwa idhini ya Mangi Fumba, mtawala wa hapo, mahali pa misioni pakapatikana. Miaka michache baadaye ikafuata misioni ya Kibosho. Kalenda ya Kanisa waliyokuja nayo ilikuta watu wenye kalenda yao ya kilimo na tohara, nao waliipokea kwa kuisokota pamoja na ile ya zamani, hata leo mzee wa Rombo hukuambia kwamba Majilio ni mvua za vuli, nguo za zambarau za padre, na kurudi kwa watoto wa mjini, bila ya kuona kwamba ametaja mambo ya namna tatu mbalimbali.

Majilio huanza Dominika iliyo karibu zaidi na tarehe 30 Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Andrea, na huwa na Dominika nne. Utukufu hauimbwi, mapambo hupunguzwa, na Dominika ya tatu peke yake padre huweza kuvaa rangi ya waridi kwa dalili ya furaha iliyo njiani. Mpaka tarehe 16 Desemba masomo humtazamisha muumini kuja kwa Bwana mwisho wa nyakati. Kuanzia tarehe 17 ndipo Bethlehemu hukaribia. Nalitaja hili kwa kuwa vijana wengi hudhani Majilio ni Noeli iliyoanza mapema, nao wanapoanza kuungama tarehe 23, katika msongamano ambao padre mmoja husikiliza watu mpaka usiku, huwa wamekwisha kupoteza majuma matatu yaliyowekwa kwa kusudi hilo hilo.

Lakini kuchelewa si dosari kubwa. Dosari iliyo kubwa, kwa rai yangu, ni kwamba kijana wa miaka ishirini na miwili aghalabu huungama dhambi za mtoto wa miaka minane. Papa Pio wa Kumi, kwa amri ya mwaka 1910, aliwafungulia watoto mlango wa Komunyo mapema, wapatapo akili ya kupambanua, yaani yapata miaka saba. Na fadhila hiyo ilikuja na wajibu wa kuwafundisha kuungama wakiwa wadogo. Mwalimu wa dini huwapa basi orodha fupi ya kukariri: nimesema uongo, sikuwatii wazazi, nimetukana wenzangu, nimekosa Misa. Orodha hiyo humfaa mtoto. Msiba wake ni kuwa haikui. Mwenye nayo hupata kipaimara, huota ndevu, hupata mshahara na simu na mchumba, na kila Majilio huipeleka kwa padre ile ile, kwa sauti ile ile ya haraka, akaondoka na malipizi ya Salamu Maria tatu ilhali lile linalomnyima usingizi halikutajwa.

Wachagga hawakuwa na haja ya kungoja wamisionari ili wajue kwamba kosa hutajwa kwa jina lake. Wana isale, mmea wa majani marefu mabichi unaopandwa mipakani mwa vihamba na penye makaburi. Aliyemkosea mwenziwe, akiwa haya au hofu imemzuia kumkabili, humtuma mtu wa makamo mwenye busara pamoja na jani la isale, na aliyekosewa, hata kama hasira yake ina haki, ni mwiko kwake kulirudisha jani hilo pasipo kusikiliza na kusamehe. Ila hakuna mjumbe awezaye kubisha mlangoni kwa mtu akasema kwamba aliyemtuma anaomba radhi kwa makosa yake yote. Sharti aseme: ni kwa ajili ya mpaka uliosogezwa, au neno lililotamkwa msibani mbele ya watu, au mbuzi aliyeuzwa bila ya ruhusa. Bila shaka isale si sakramenti, wala haliondoi lililo baina ya mtu na Mola wake, na yuko kijana mjanja ambaye hujitetea kwa kulitaja ili asiende kwa padre. Lakini mwenye kufundisha toba katika nchi hii akilipita jani lile kama ushirikina mtupu, amelitupa somo ambalo mwanafunzi alikwisha kulijua nusu.

Katekista mmoja mkongwe wa kigango cha juu, karibu na msitu, hulitumia vizuri. Jumamosi alasiri, kabla padre hajafika, huwaketisha vijana kwenye mabenchi ya mbele, akamwita mmoja mmoja pembeni.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Umejitafuta?”

“Nimejitafuta. Nimesema uongo, nimetukana, nimekosa Misa.”

“Uongo ulimwambia nani, na alipoteza nini? Usinijibu mimi. Nenda kaketi, ukamjibu Padre.”

Hana zaidi ya swali hilo, na huo ndio ustadi wake: humfikisha kijana kizingitini, yeye mwenyewe akabaki nje. Wapo wasaidizi, wema kwa nia, ambao hutaka kusikia kila kitu, nao huwafanya vijana waogope mara mbili.

Kisha huwasimulia Yohane Mbatizaji, ambaye habari zake husomwa katika Dominika ya pili na ya tatu. Watu walipomwendea Yordani wakiuliza wafanye nini, hakuwapa wote jibu moja. Watoza ushuru aliwaagiza wasizidishe kiwango kilichowekwa, na askari aliwakataza kumdhulumu mtu, akawataka waridhike na mshahara wao. Kila mmoja alipewa dhambi ya kazi yake. Kwa mfano huo mwanafunzi wa chuo hujiuliza kama ada aliyomtajia mama yake, ambaye alikopa kwenye kikundi cha akina mama ili ailipe, ilikuwa kweli kiasi kile. Mwuza duka hujiuliza juu ya mizani. Mwenye bodaboda juu ya nauli aliyomtoza mgonjwa usiku. Na mwenye simu juu ya picha ya binti aliyoisambaza kwa wenziwe akiita mzaha.

Imebaki haya ya kuungama kwa padre anayekujua. Siri ya maungamo haina mwanya: padre akiivunja kwa makusudi na moja kwa moja, hutengwa na Kanisa papo hapo, na kijana aambiwe hivyo waziwazi. Hata hivyo haya haiondoki kwa hoja, na maparoko wenye hekima huwaalika mapadre wa parokia jirani kwa siku maalumu za maungamo, ili asiyetaka kuungama kwa amwonaye kila asubuhi apate mwingine.

Lililo zito kuliko yote ni la vijana wanaoishi pamoja mjini bila ya ndoa, nao ni wengi. Hao hawakosi maneno ya kuungama. Wanakosa njia ya kutoka, kwa sababu mahari haijakwisha, au mjomba fulani amenuna, au baba ameapa kwamba hatapokea posa ya ukoo ule. Padre hawezi kuwapa maondoleo huku wakikusudia kuendelea vile vile, na kuwakemea pasipo kugusa ugomvi wa wazee ni kuwafukuza kanisani kwa adabu. Hapa kijana huhitaji watu wazima wenye miguu: mwenyekiti wa jumuiya aende kwa yule baba, shangazi aende kwa yule mjomba, na ikibidi isale liende mbele yao, maadamu Desemba ndiyo wakati pekee ambapo pande zote mbili ziko mlimani na kata ya mbege, pombe ya ndizi, inaweza kunywewa na wote. Arusi nyingi za huku hufungwa baina ya Noeli na Mwaka Mpya, na matangazo ya ndoa husomwa Dominika tatu. Kwa hiyo wachumba waliotengana vyumba na kuandikisha majina kwa paroko kabla ya Dominika ya kwanza ya Majilio huwa na nafasi ya kutosha, na wale waliongoja mpaka tarehe 23 huambiwa warudi Januari, likizo yao ikiwa imekwisha.