Kukokotoa Mwendo wa Maji kwa Kompyuta Nyingi

Mwanafunzi wa sekondari hutatua milinganyo miwili yenye x na y kwa kuondosha herufi moja. Mhandisi achunguzaye mwendo wa maji bwawani ana kazi ya namna hiyo hiyo, ila herufi zake ni nyingi mno. Akiyagawa maji katika vipande 100 kwa urefu, 100 kwa upana na 100 kwa kina, hupata vipande 1,000,000, na kanieneo ya kila kipande hutegemea ile ya jirani zake sita. Njia ya kuondosha, ikifuatwa bila kuruka sifuri zozote, ingedai hatua zipatazo theluthi ya 1 yenye sifuri 18. Kompyuta ifanyayo hatua 1,000,000,000 kwa sekunde ingehitaji zaidi ya miaka 10.

Kwa hiyo hutumika njia za kukisia na kusahihisha. Ile ya Hestenes na Stiefel, ya mwaka 1952, hufaa kwa kanieneo, ambapo vipande jirani huathiriana sawasawa. Katika milinganyo ya kasi, maji yatokayo juu huathiri zaidi yale ya chini. Hapo hufaa njia ya Saad na Schultz ya mwaka 1986.

Kusahihisha huku ni kama kutafuta kitako cha bonde. Bonde likiwa la mviringo kama bakuli, hatua chache zatosha. Likiwa refu na jembamba kama mtumbwi, hatua huwa nyingi. Ndiyo maana milinganyo hutayarishwa kwanza, ili mtumbwi ukaribie kuwa bakuli.

Tayarisho lililo rahisi ni kugawa kila mlinganyo kwa namba ya herufi yake kuu. Lakini vipande vyote vikiwa sawa, hilo karibu halisaidii kitu. La pili ni kuondosha nusunusu, njia iliyoelezwa na Meijerink na van der Vorst mwaka 1977. Hupunguza marudio sana, lakini kila mstari hungoja uliotangulia. Kompyuta 1,000 zikishirikiana, nyingi hukaa bure. La tatu ni kukokotoa pia kwa vipande vikubwa, ili habari ya upande mmoja wa bwawa ifike upesi upande wa pili.

Tuchukue mfano wa kubuni. Tayarisho la kwanza ladai marudio 1,000 ya sekunde 2. La pili, marudio 200 ya sekunde 15. La tatu, marudio 30 ya sekunde 20. Jumla ni sekunde 2,000, 3,000 na 600. La pili lina marudio machache kuliko la kwanza, lakini limeshindwa, kwa sababu ya kungojana.

Basi mwenye kuchagua asihesabu marudio peke yake, bali auzidishe wingi wake kwa muda wa kila rudio, pamoja na muda wa kompyuta kupelekeana habari. Tena apime kwa idadi ile ile ya kompyuta atakazotumia, kwani mshindi wa kompyuta moja aweza kuwa wa mwisho miongoni mwa elfu.