Kaimati na Asali ya Baringo: Vile Utazipika kwa Keja Yako Hapa Nax

Wasee wa Pwani wamefungulia saumu na kaimati tangu kitambo. Jina lenyewe limetoka kwa Kiarabu, luqaimat, yaani matonge madogo. Kule Urusi, Watatari wa Kazan wana chak-chak: unga na mayai, vinakatwa vipande vidogo, vinakaangwa, vinamwagiwa asali na kushikanishwa kama kichuguu. Ukiwa Nakuru uko na bahati, juu asali inauzwa kwa chupa ukishika barabara ya Mogotio kwenda Marigat.

Saka hivi vitu

Unga wa ngano vikombe 2, hamira kijiko 1 kidogo, sukari kijiko 1, iliki ya kusaga, maji vuguvugu kikombe 1 hivi, na mafuta ya kukaanga. Ya shira: sukari nusu kikombe, maji robo, asali nusu.

Kazi ianze

Changanya unga, hamira, sukari na iliki. Ongeza maji pole pole huku ukipiga na mkono hadi uvutike. Usiwe mgumu kama wa chapo, na usiwe mwepesi kama wa uji. Funika saa moja. Asubuhi ya Nax ina baridi, so weka bakuli karibu na jiko.

Pasha mafuta kwa karai, moto wa wastani. Moto ukiwa mwingi, nje inaungua na ndani inabaki mbichi. Chota unga, finya ngumi, utoke katonge, udondoshe na kijiko chenye mafuta. Geuza geuza hadi ziwe rangi ya dhahabu.

Hapa ndio watu huharibu

Usichemshe asali. Ni ghali, inaungua haraka na harufu yake inapotea. Chemsha sukari na maji hadi yanate, zima moto, ndio umwage asali. Tumbukiza kaimati zikiwa moto, pindua, zitoe.

Na asali yako ikiganda kwa chupa, usiseme umeuziwa feki. Asali safi huganda. Weka chupa kwa maji vuguvugu, itarudi.

Moja ya mwisho: mtoi hajafika mwaka 1 asionjeshwe, hata kidogo. Asali inaweza kubeba bakteria ambazo tumbo lake haliwezi, na kuipasha haizimalizi.

Wengine wote, chai iko wapi?